Betri Kwenye Buti

Ndani ya basi, mshonaji alikuwa amekaa nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, kijana na mzee. Kijana alijisifu kwamba amehamishia betri ya gari lake kwenye buti.

"Umeifunga isicheze? Na fyuzi umeiweka karibu na betri?" mzee akauliza.

"Fyuzi ya nini, mzee wangu? Waya wenyewe mnene."

"Bila fyuzi, waya ukichubuka kwenye bati, gari linashika moto. Mdogo wangu alinijibu hivyo hivyo. Tumemzika."

"Pole sana. Lakini huyo hakuwa fundi."

"Alikuwa fundi," mzee akasema.

Kijana akacheka kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa, mshonaji akawaza, akatamani kumzaba kofi.

Basi likasimama. Kijana akashuka, akaingia kwenye gari lake. Mkewe alikuwa amekuja nalo kumpokea, mtoto amelala kiti cha nyuma.