Fundo la Okito: Tukimkumbuka Mama Hadidja wa Alunguli

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo sina mbwembwe. Alhamisi iliyopita, hapa Kindu, Mama Hadidja binti Kasimu ametutoka. Wengi mnamjua: yule mama kipofu mwenye nyumba ya vipofu kule Alunguli. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Macho yake yaliisha akiwa na miaka kumi na sita, kwa ugonjwa unaoletwa na wale nzi wadogo weusi wa mtoni. Hakukaa uani kulia. Na alikuwa mkali, jamani! Ukimshika mkono kumvusha barabara bila kumwomba, anakufokea mbele za watu. Mimi mwenyewe yalinikuta, sokoni Kasuku, ng'ambo ya mto, na nilistahili.

Nyumbani kwake vipofu walijifunza kutembea na fimbo nyeupe, kusoma maandishi ya nukta kwa vidole, kusuka vikapu, kupika bila kuungua. Mgonjwa alipata wa kumfikisha hospitali. Hakuna aliyerudishwa mlangoni.

Na walitembea kwa kamba. Kamba moja, mafundo saba, kila mtu na fundo lake. Hadidja mbele, na Okito, mmoja wa vipofu wake, nyuma kabisa. Hadidja akivuta kamba, Okito anajibu kwa kuvuta. Ikijibu, basi wote wapo.

Mwaka 2002, vita viliingia Alunguli asubuhi. Nyumba ziliungua, moshi ukaziba njia. Hadidja aliwapanga watu wake kwenye kamba, akawakataza kutoa sauti, hata ya kukohoa, mpaka wafike kwenye pirogi, ule mtumbwi wa mtoni, wavuke kwenda Kasuku. Wenye macho walikuwa wanagongana ndani ya ule moshi. Vipofu walikwenda moja kwa moja, maana njia waliijua kwa miguu. Mara tatu Hadidja alivuta kamba. Mara tatu kamba ilijibu.

Ndani ya pirogi akashika mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho haukuwa mkono wa Okito. Ulikuwa wa mwanamke asiyemjua. Alisema anaitwa Jeanne, na kwamba ameikuta kamba inaburuzika chini, akaishika kwa sababu haoni mbele. Pirogi ilikuwa imeshaacha ukingo. Mpiga kasia alikataa kurudi.

Okito hakuonekana tena. Hakuonekana mzima, wala maiti yake haikupatikana. Hesabu ilitimia, wasikilizaji wapendwa. Walikuwa saba, na Okito hakuwemo.

Binti wa Hadidja, Salama, ameniambia: "Mama alikuwa anasimama katikati ya njia, ananyoosha mukono nyuma. Namuuliza, Mama, unatafuta nini? Anasema, ngoja kwanza, iko mutu anakuja." Hivyo hivyo, zaidi ya miaka ishirini. Kwenye maziko, kwenye harusi, hata akielekea kuswali. Salama alizoea kumngoja.

Na watu waliuliza: Okito aliiachaje kamba? Alianguka? Aliogopa? Hadidja alijibu neno moja tu: "Mwenye kujua atasema."

Yule Jeanne naye hakuondoka. Alibaki kwenye nyumba ile, akawa macho yao. Aliwasomea barua, aliwapeleka hospitali, aliwavusha mto. Hadidja mwenyewe ndiye aliyempa kazi hiyo.

Wiki mbili kabla ya kifo, Jeanne alikaa kando ya kitanda cha Hadidja akasema yote. Ameniomba niyatoe hewani, kwa maneno yake. "Kamba haikuwa chini. Nilimunyanganya Okito mu mukono. Niliogopa kufa. Alisema tu polepole, 'Mama, hii fundo njo yangu.' Hakupiga kelele, sababu walikatazwa."

Hadidja akamwambia: "Nilijua toka mu pirogi. Kiganja chako kilichubuka. Kamba ya kuokota haichubue mutu."

"Sasa sababu gani ulinibakisha?"

"Watu yangu walihitaji macho. Na nilitaka useme weye mwenyewe."

Nilimuuliza Jeanne kama alisamehewa. "Hakusema vile," alinijibu. "Aliniambia saa imefika, niende kuchukua wagonjwa hospitali. Nikaenda."

Pole sana Salama, ndugu na majirani wa Alunguli, na ninyi wote mliotembea nyuma ya Mama Hadidja. Mungu amlaze pema. Na sisi wenye macho, tujiulize leo, kila mtu na moyo wake: siku ile ya moshi, tulipita njia ipi, na tulishika cha nani?

Iko pole nyingine, na hii sijui niipeleke wapi. Ni ya jamaa ya Okito. Hatujui kijiji chenu wala jina la baba yenu. Kama mko mnanisikia, mjulisheni mtu wa redio. Jeanne amesema msije ninyi. Atakuja yeye, kwa miguu ikibidi, aseme mbele yenu.