Maryamu Alivyojiandaa Kufa

Nyuma ya stendi ya Korogwe kuna benchi la kahawa, na wenyewe kila asubuhi ni walewale: Abdi fundi baiskeli, anayeitwa Injinia, na mzee Semboja, kibarua wa zamani wa mkonge, anayeitwa Waziri. Siku hiyo Mdoe, muuza mitumba, alikaa nao mpaka kahawa ikampoa mkononi. Mkewe Chausiku alifariki mwaka juzi akimzaa Jabiri, damu haikukatika. Sasa binti yake Maryamu, wa miaka kumi, alikuwa ameamka akakuta damu kwenye shuka. "Baba, na mimi nakufa kama mama?"  Mdoe akasema, "Nakuja," akatoka, akaja kuwasimulia wenzake benchini.

— Ni hawa kuku wa kisasa, alisema Injinia. Leo kifaranga, kesho yuko sokoni. Mtoto akimla, naye anakua fasta.

— Kuku wapi! Waziri akadakia. Ni minara ya simu. Inachemsha damu za watoto.

— Kwangu tunakula dagaa, bwana, alisema Mdoe. Nimwambie nini?

— Usimwambie kitu, alisema Waziri. Mimi wangu niliwaambia mtoto ananunuliwa hospitali.

— Wakaamini? aliuliza Injinia.

— Mkubwa alilia turudi tukambadilishe mdogo wake.

Wakacheka. Mdoe hakucheka.

— Mwambie amejikata usingizini, alisema Injinia.

— Na mwezi ujao?

— Amejikata tena.

Mama mmoja aliyeshuka na basi kutoka Dindira, gunia la viazi miguuni, alikuwa akisubiri kahawa yake. Akamgeukia Mdoe.

— Samahani, baba. Huyo mtoto sasa hivi yuko na nani?

Injinia akaangalia viatu vyake. Mdoe akatua kikombe, akaondoka mbiombio.

Alimkuta Maryamu amejifunga kanga ya mama yake. Alikuwa amemwogesha mdogo wake Jabiri, amemvalisha shati la sikukuu, anamwelekeza taratibu:

— Uji uko kwenye chupa. Nikilala nisiamke, usilie. Mwite baba.

Mdoe akakaa sakafuni.

— Hufi, mwanangu. Hiyo ni hedhi. Msichana akikua inamjia, inakaa siku chache, inaisha, mwezi mwingine inarudi. Mwili unajiandaa, ili siku moja ukiwa mtu mzima uweze kubeba mtoto. Hata mama yako ilimjia, na akaishi miaka na miaka.

— Sasa mbona damu ilimuua?

— Ile ilikuwa nyingine. Ilitoka wakati wa kuzaa, ikazidi.

Maryamu akamtazama mdogo wake. Akashusha sauti.

— Kwa hiyo ni Jabiri?

— Hapana! Si Jabiri. Si mtu yeyote, mwanangu, si...

Akaanza kulia. Tangu mazishi, watoto hawakuwahi kumwona akilia. Maryamu akasogea, akamfuta uso kwa upindo wa ile kanga, na Jabiri, kwa kuwaona wao, naye akaanza kulia.