Mpira Uliovuka Uzio

Jumatatu alasiri, joto la Alabama likishaufanya mtaa mzima uelee kama kitu kilichosahauliwa kwenye beseni la maji vuguvugu, wazee watatu huketi kwenye benchi nje ya kibanda cha Lemuel kinyozi, wakinywa kahawa yake ambayo nusu ni kahawa na nusu ni mizizi ya kuchoma. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya uzio wa waya, kuna uwanja wa besiboli wa wazungu, na majani yake ni mabichi kiasi kwamba mtu akiyatazama sana anasikia kiu. Upande huu, pembeni ya benchi, ni kiwanja cha vumbi ambapo watoto wetu hucheza mpira wa kivuli, yaani mpira usio na mpira. Mrushaji anarusha hewa, mpigaji anapiga hewa, wengine wanadaka hewa, na wote wanauona. Una sheria zake. Ukizuka ubishi, benchi ndiyo mahakama. Na mpira ukipotea, mchezo unasimama mpaka uokotwe. Juzi tu mtoto mmoja alitambaa chini ya gari la Lemuel, akatoka na grisi viwikoni, kiganja amekifumba, mchezo ukaendelea.

Jumatatu hii Verlene, mwenye miaka kumi na mmoja na miguu ya korongo, alishika mpini wa fagio, akakata hewa. Watoto wote wakainua nyuso. Mrushaji akageuka polepole, mdomo wazi, akiufuata kwa macho. Hata babu yake kule benchini aliuona.

— Umevuka uzio! — akapiga kelele Verlene, akaanza kuzunguka vituo vinne vya mchezo.

— Wapi! Umetoka nje ya mstari! — wakajibu wa timu ya pili.

Akaja benchi akihema.

— Babu, umevuka haujavuka?

Babu huyo ni Ambrose Tate, aitwaye Reli, kwa kuwa alibeba mabegi ya abiria kwenye treni maisha yake yote, akaiona nchi nzima kupitia madirisha aliyokuwa akiyafuta. Alijua swali lile si la mpira tu. Tangu majira ya kuchipua mjukuu wake ana ombi moja la kila usiku, kusimama juu ya kichuguu cha mrushaji, kile kituta cha udongo katikati ya uwanja wa wazungu. Jumapili timu yetu sisi weusi ikiukodi uwanja, wanaokanyaga majani ni wachezaji tu. Sisi wengine tunakaa kule juani, nyuma ya waya wa kuku. Kila akiombwa, Reli hujibu "Siku moja, mjukuu wangu," neno ambalo hata yeye likimtoka hulionea aibu.

— Umetoka nje, — alisema Jicho, mwamuzi mstaafu ambaye jicho lake la kushoto limeingia ukungu. — Nimeuona kwa jicho hili bovu. Na kwa mpira wa namna hii, jicho bovu ndilo lenye kazi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — akasema Shemasi, mzee wa tatu. — Kwa hiyo umevuka.

— Hiyo methali na mpira wapi na wapi?

— Inahusu kila kitu, we Jicho. Ndiyo maana ikaitwa methali.

— Mimi nimeuona ukipita juu ya lori la barafu, — alisema Reli. — Dereva akavua kofia.

— Lori tu? — Shemasi akaweka kikombe chini. — Umepita mnara wa kanisa la wazungu, kengele ikaguna. Samaki mkunje angali mbichi, ukakunja kushoto kwenye kinu cha pamba, ukazidi kupanda.

— Unapanda kwenda wapi?

— Kwani mimi ndiye niliyeupiga?

— Waulizeni waliosafiri, — akasema Reli, naye akajikohoza kama waziri. — Mpira ule umedandia treni ya saa tisa. Saa hizi unaingia Chattanooga, umekaa daraja la kwanza na wazungu, kondakta ameinama anauuliza, "Bwana atapenda chai au limau?"

— Mpira? Daraja la kwanza?

— Ngozi yake nyeupe, Jicho. Nani wa kuuhamisha?

Benchi likalia kwa kicheko. Jicho mwenyewe alijifuta machozi yote mawili, la jicho zima na la bovu, kisha akasimama, maana uamuzi hautolewi mtu akiwa amekaa.

— Sikilizeni. Chattanooga ni mbali, mtoto hana nguvu hizo. Umevuka uzio, umeangukia mle ndani, nyuma kidogo ya kichuguu. Nimemaliza.

Verlene akaruka juu. Halafu akautazama uzio.

— Basi ngoja nikauchukue.

— Ukachukue nini? — akauliza Reli.

— Mpira.

— Chezeni na mwingine!

— Hatuna mwingine, Babu. Tunao huo huo mmoja.

Kabla wazee hawajalitafuna hilo, mtoto alikuwa ng'ambo ya barabara.

Reli akasimama, kahawa ikammwagikia suruali. Mwaka jana kijana wa kina Wardlow alipanda uzio ule kufuata mpira wa ngozi kabisa, akarudi kutoka korokoroni hana meno ya mbele. — Verlene! — aliita, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu aliye ndotoni. Kumkimbilia aliogopa: mtoto getini ni mtoto, lakini mwanamume mweusi anayekimbilia geti lile ni kesi.

Mtunza uwanja, mzungu mzee aitwaye Hatch, aliweka chini mpira wa kumwagilia majani. Verlene alisimama mbele ya geti bila kuligusa, akaeleza kwa mikono. Hatch akatazama majani. Akaenda nyuma ya kichuguu, akainama, akayachambua kwa kiatu.

— Mungu wangu, — akanong'ona Shemasi. — Mzungu anautafuta.

— Ataupata?

— Sijui imani yake.

Hatch akarudi mikono mitupu, akajifuta shingo. Alitazama barabara kushoto, akatazama kulia, kisha akafungua geti upenyo wa mtoto mmoja.

— Tafuta mwenyewe, — upepo ukawaletea sauti yake. — Ukiuona tu, utoke.

Verlene akaingia. Alitembea taratibu, akiinama na kuyapapasa majani kwa viganja, makini kama mtu aliyeangusha pete ya harusi, na kila akiinuka alikuwa amekisogelea kichuguu hatua nyingine. Reli aliketi tena bila kujua kama ameketi. Mvuke wa joto uliinuka kutoka kwenye majani, ukamfanya mtoto yule aonekane anatembea juu kidogo ya ardhi.

Wakati huo akatokea fundi wa piano, mgeni, begi la vyuma mkononi, ameletwa na basi kuja kutengeneza piano ya kanisa la Shemasi. Akawaamkia, akafuata macho yao.

— Samahani wazee wangu. Mtoto yule anatafuta nini?

Jicho akalifumba lile jicho zima. Reli alimtazama mgeni, akatazama uwanja.

Verlene alikuwa amefika juu ya kichuguu. Miguu pamoja, uso juani, hakuinama tena.

— Vipi, umeuona? — aliita Hatch.

— Bado, bwana! Bado sijauona!