Dkt. Aikaeli Nkya na Picha za Udongo

Marehemu Dkt. Aikaeli Eliakim Nkya alizaliwa Masama, wilayani Hai, tarehe 14 Machi 1963. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Eliakim, aliyetutangulia, na Mama Hellen, tuliye naye hapa. Anayesoma wasifu huu wa dada yangu ni mimi, mdogo wake, Eliudi.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari mjini Moshi, kisha kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1987. Mwaka 1993 alikwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu. Siku ya kumuaga kanisani, Mama alisimama akautangazia usharika mzima kwamba mwanawe anakwenda kusomea eksirei, atarudi daktari. Usharika ukamwombea kwa machozi. Kweli alikwenda kusomea eksirei, ila si ya watu.

Kazi yake, hadi alipostaafu, ilikuwa utafiti wa keramiki. Alisaga udongo wa mfinyanzi, akauweka ndani ya tanuru dogo na kuupiga mionzi ya eksirei huku joto likipanda. Kwa namna mionzi ilivyotoka alijua fuwele za udongo zimejipangaje, na zikifika joto gani zinajipanga upya. Hapo ndipo chungu hukomaa, au hupasuka. Wanafunzi wake wengi wamefika leo, nao wataeleza vizuri kuliko mimi niliyefeli kemia.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu Jesse Swai, wakajaliwa watoto wawili. Kila Desemba walipopanda Masama, wazee walijipanga barazani na migongo yao. Mzee Eliamini, jirani yetu, alileta hata picha ya goti lake.

“Mwanangu, hebu niangalizie.”

“Shikamoo, baba. Hili la daktari wa mifupa. Kesho tunashuka wote hospitali.”

Nasi tulishuka. Njiani alininong’oneza, “Angekuwa chungu ningemsaidia.” Nilimsihi amweleze Mama ukweli. Alitamani sana Mama aijue kazi yake, lakini hakuwa tayari kumwaibisha mbele ya usharika.

Februari mwaka huu, 2025, alianza kuumwa tumbo. Hospitalini Moshi waligundua saratani ya ini. Mama alishuka hadi nyumbani kwa Dada, Shirimatunda mjini Moshi, kumuuguza mwanawe, na jioni moja akamwambia, “Aikaeli, mashine si yako? Jipige picha basi, ujitibu!”

Dada akasema, “Mama, mashine yangu haijawahi kutibu mtu. Natazama udongo ukiwa kwenye moto.”

“Udongo? Kwa hiyo wewe ni mfinyanzi?”

“Karibu na hapo.”

“Na mimi nimekuletea wazee wa watu na magoti yao!”

Walicheka mpaka Dada akashika tumbo kwa maumivu. Kisha Mama akalia, maana ndipo alipoelewa kwamba mashine aliyoitegemea haipo. Akauliza, “Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa umeshafurahi, Mama.”

Toka siku hiyo Mama aliketi kando ya kitanda akiuliza habari za udongo, na Dada, hata sauti ilipofifia, alimjibu. Hatukuwahi kumwona mwalimu mwenye furaha kiasi kile. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Inatuuma sana.

Ameacha mume, Jesse, watoto, Godlove na Sifael, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na mama yetu. Tunamlaza hapa katika kihamba cha Swai, shamba la ukoo wa mumewe. Mama ametaka maneno ya mwisho yawe yake, na ameonya tusiyatengeneze:

“Ndugu zangu wa usharika, niliwadanganya bila kujua. Aikaeli hakuwa daktari wa eksirei. Alikuwa anatazama udongo ndani ya moto, na alinifundisha. Ee Bwana, umpumzishe mwalimu wangu.”