Mababu Tuliowaacha Kisiwani

Wanangu, sogeeni, sauti yangu haifiki mbali tena. Wing, kifungua mimba wangu, zima hiyo televisheni. Suk, binti yangu, nishike mkono.

Jumamosi moja chama chetu cha wazee kilitupeleka kisiwani, kwenye zile nyumba za mbao walimofungiwa watu wetu waliotoka Uchina kabla ya kuruhusiwa kuingia San Francisco. Pale gatini, binti wa chama akaita majina. "Mzee Yee!" Akarudia: "Mzee Yee!" Bibi Moy akampiga jirani yake kiwiko: "We babu, si wewe huyo?" "Lo, ndiye mimi! Yee ni wa serikalini, nyumbani mimi ni Tam." Tukacheka hadi meno ya bandia yakalegea, kisha kicheko kikatukauka, maana sheria iliwafungia Wachina mlango, na wengi wetu tuliingia nchi hii kwa vyeti vya kununua, tukijifanya watoto wa watu wengine wenye ruhusa.

Na baba yenu hivyo hivyo. Alifungiwa mle akiwa kijana mdogo, maofisa wakimuuliza pipa la mchele la kwao liko upande gani wa mlango, naye akajibu la akina Lau, ukoo aliojifanya wake, kama alivyokaririshwa. Hata uzeeni aliweweseka usingizini: "Kushoto, bwana, kushoto." Alihofia tutarudishwa, akafa na hofu yake, na jiwe lake la kaburi likachongwa Lau.

Sisi ni akina Seto. Kila mwaka mnaposafisha kaburi, mnapanga kuku, machungwa na pombe ya mchele, mnawakaribisha mababu wa Lau. Hao wameshiba! Wa kwetu wamesimama nje ya ua, hakuna anayewaita.

Wing, najua utasema, "Mama, serikali itatusumbua." Waliotuhoji wamekwisha ondoka, siku hizi watoto wa shule wanakula mikate yao pale pale kisiwani. Vitambulisho vyenu viacheni vilivyo. Nyumba hii ni ya Suk aliyeniuguza, nawe usimnunie dada yako. Ila mimi nikifa, chongeni jiwe jipya, langu na la baba yenu, kwa maandishi yetu ya Kichina: Seto. Kisha pikeni kuku, muwaite mababu kwa jina lao.

Wawalinde. Mzae, mle, mshibe... mpendane. Wing, mzee mzima, unalia nini? Pumzi... inanikatika. Semeni nisikie. Nyinyi ni akina nani?

Tena.

Tena, wanangu... msinong'one.