Watu Watatu kwa Zipu Moja

Zrrr. Kimya. Halafu zrrr tena, usiku wa manane, ndani ya chumba chetu kimoja hapa mtaani Mountain View, Nairobi, na mimi macho wazi nikiwaza ni panya kwa unga ama ni mtu anakereza kufuli, maana ringi ya funguo za kibanda ilikuwa imepotea tangu wiki iliyopita na funguo nikawa nazibeba kwa uzi kama tasbihi, kwa hivyo nikasema haya, ndio hao wamekuja, nikajifunika blanketi hadi kichwani, kwani blanketi huzuia panga. Asubuhi unga ulikuwepo, kufuli lilikuwepo. Nikafungua kibanda kando ya Waiyaki Way, nikainjika chai na kahawa, nikatia mandazi kwenye mafuta, na kabla hayajageuka benchi langu lilikuwa limeshapata wataalamu wake. Mheshimiwa ni Mbaluka wa bodaboda, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura za nyumba yake, na si zote. Daktari ni Were, ambaye udaktari wake ni kulinda lango la kliniki. Injinia ni Bramwel, anachomelea mageti ya matajiri wa Kitisuru na geti la kwake halifungi.

Halafu akatoka nyuma ya kibanda binti yangu Nthenya, nguo begani. Ana miaka sita. Mkono wake wa kushoto ni mzito tangu azaliwe, vidole vimejikunja, kifungo hakishikiki. Na kwa sababu asubuhi mikono yangu iko kwenye unga, benchi ndilo humvalisha. Hakuna aliyepanga, imekuwa tu kama ibada: Injinia viatu, Daktari mkono wa kushoto, Mheshimiwa vifungo na zipu, kwa sababu ya cheo.

— Mama Nthenya, mbona leo unageuza hayo mandazi kama yamekukosea? akauliza Mheshimiwa.

Ningenyamaza. Lakini mimi nikianza sina breki, nikawaambia yote: kwamba leo saa nne mwalimu mkuu wa ile shule mpya anataka kumwona Nthenya akivaa koti la trakisuti mwenyewe, kwa sababu watoto wa Gredi ya Kwanza huvua wakienda kucheza na huvaa wakirudi, na walimu hawana muda, na akishindwa "tutamtafutia mahali panapomfaa". Alisema hivyo kwa upole, ule upole wa mtu anayefunga mlango polepole usipige kelele. Na panapomfaa ni shule ya bweni, huko mbali, nimwone likizo kwa likizo, sasa nani atamkumbatia usiku akiota vibaya, nani?

— Tulia, mama, akasema Daktari. Shida si huu mkono wa kushoto. Shida ni wa kulia.

— Wa kulia uko sawa.

— Ndio shida! Unajituma sana, umemfanya mwenzake mvivu. Hata kazini wako hivyo. Dawa iko. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Paka asali kwa vidole. Mtoto atalamba, vidole vitanyooka.

— Hiyo methali ni ya hongo, Injinia akamwambia.

— Na hongo hainyooshi vitu? Wewe unaishi Nairobi gani?

Akisema hivyo alikuwa anashindilia mkono wa mtoto ndani ya shati kama mtu anayejaza gunia la makaa. Nthenya amenyoosha shingo, anatazama magari yanayoenda Uthiru. Amezoea.

— Asali ni kienyeji, akasema Injinia, amepiga magoti na soksi ya mtoto mkononi. Hapa inatakiwa teknolojia. Nachomelea fremu, kama ya mlango. Juu ndoano, kando springi. Trakisuti inaning'inia pale imefunguka. Mtoto anatembea tu, anapita katikati, pap! Anatokea upande ule amevaa.

— Na akirudi nyuma? nikauliza.

Injinia akaigeuza soksi ndani nje.

— Anavuliwa. Hiyo ni ya jioni.

— Kwa hivyo mtoto atabeba geti kwenda shule, nikasema.

— Naweka magurudumu, Mama Nthenya. Kwani mimi ni mjinga?

Nilikuwa na mandazi ya kuokoa.

— Nyinyi mnafikiria kidogo kidogo, akaanza Mheshimiwa, na akianza hivyo ujue kahawa yake itapoa. Hii ni mambo ya sera. Zipu ilipitishwa na nani? Wananchi walihusishwa? Shule nzima ivae blanketi! Tundu moja, ingiza kichwa, kwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Mtoto wangu hana chawa.

— Ni methali, mama.

— Na mimi nimesema hana.

— Sawa, hana. Wakikataa blanketi tunaandamana. Kutoka hapa mpaka mjini, benchi lote, bila nguo. Wajue kuvaa si kazi ya mtu mmoja! Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

— Lakini huyu anataka kuvaa, Mheshimiwa, nikasema. Si kuvua.

— Na wewe ndio utatangulia mbele, bila nguo? akauliza Daktari.

— Kiongozi hukaa katikati.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mimi nilitazama saa ya simu, nikaona jinsi inavyokimbia. Trakisuti mpya ilikuwa imebaki peke yake, juu ya begi. Daktari akaichukua, akatafuta mkono wa kushoto. Injinia alikuwa bado kwa kiatu. Mheshimiwa akajifuta vidole kwenye suruali, tayari kwa zipu.

Hapo ndipo akaongea mwanamke mmoja. Alikuwa amesimama kando akingoja chai yake, mkoba kwapani, mmoja wa wale wanaopanda kwenda kufanya kazi za nyumba Kitisuru. Aliniambia jina lake ni Naliaka nilipomuuliza chai ya sukari ama bila.

— Samahani, akasema. Huyu mtoto akijivalia, huanza na mkono gani?

— Wa kulia, akasema Daktari. Ndio wenye nguvu.

— Si ulisema huo ndio shida? Injinia akamuuliza. Ni wa kushoto. Ama... inategemea.

— Hilo ni swali zuri, akasema Mheshimiwa. Swali zuri ni... Wahenga walisema swali zuri...

Wahenga hawakuwa wamesema kitu. Wote watatu wakanigeukia mimi, mama mzazi, niliyembeba, niliyemzaa, na mimi nikageukia mandazi. Yalikuwa yameungua. Naliaka akapokea kikombe chake, akanywa harakaharaka akiwa amesimama, akasema asante, akaenda zake. Hata hakungoja jibu. Kazi ilikuwa inamngoja.

— Nthenya, nikasema. Unaanza na gani?

Alinitazama. Halafu akatazama mikono sita iliyokuwa juu ya mwili wake. Akajichomoa, akachukua trakisuti yake, akanivuta leso.

— Mama, twende nyuma.

Nyuma ya kibanda kuna pazia la gunia na ndoo ya maji. Akakaa juu ya ndoo, akailaza ile trakisuti mapajani. Nikaona zipu haikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Huko chini aliiacha imeshikana. Akaingiza mkono wa kushoto kwanza, ule mzito, akiuvutia kitambaa kwa mkono wa kulia, polepole, polepole, mpaka kikapita kiwiko. Nikanyoosha mkono.

— Mama!

Nikarudisha. Kichwa kikapotea, kikatokea, nywele zote zimesimama. Mkono wa kulia ukaingia wenyewe. Kisha akashika pindo la chini kwa mkono wa kulia, likakaza, na ule wa kushoto, ule wa bweni, ule wa asali, ukapanda juu ya tumbo, na kidole kimoja kilichojikunja kikaingia kwenye ringi. Ringi yangu ya funguo. Ilikuwa imefungwa kwenye ulimi wa zipu kwa uzi, na fundo lilikuwa na alama za meno.

Zrrr.

Nilikaa chini kwenye matope, na leso safi. Nilikuwa nimeogopa mwizi usiku kucha, kumbe mwizi mwenyewe ana pengo la meno mawili ya mbele.

— Umejifunza lini?

— Usiku.

— Kwa nini usiku?

— Mchana mnaniwahi.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua imenyesha.

— Na kwa mwalimu utafanya hivi hivi?

— Ee. Lakini asinisaidie.

— Hatakusaidia. Twende basi tuwaonyeshe wale.

Akatikisa kichwa kwa nguvu.

— Usiwaambie, mama. Mheshimiwa atabaki na kazi gani?

Akashusha zipu hadi karibu na mwisho, akatoka, akasimama mbele ya Mheshimiwa kifua wazi kama mgonjwa. Mheshimiwa akainama, ulimi nje, akaivuta hadi kidevuni.

— Na hii ringi?

— Ni urembo, akasema Nthenya.

— Mnaona? Mheshimiwa akawaambia wenzake. Bila sisi huyu mtoto angeenda kwa mwalimu ametoa kifua nje kama jogoo. Mama Nthenya, ongeza kahawa.

— Kahawa imeisha, nikasema, na kwa kweli ilikuwa imeisha.

Saa nne, shuleni, mwalimu mkuu alitazama. Kichwa kilipokwama kidogo akanyoosha mkono kumsaidia, na mimi, ambaye hata konda wa matatu simjibu, nikaushika mkono wa mwalimu mkuu. Tukangoja hivyo, tumeshikana kama wachumba, mpaka tukasikia zrrr. Nthenya anaanza Jumatatu.

Benchi limesherehekea. Daktari anasema ni mazoezi yake ya kushindilia, Injinia bado anatafuta springi, Mheshimiwa anataka nimpigie kura. Waliniuliza mtoto aliwezaje, nikasema Mungu ni mwema. Nimekuandikia wewe kwa sababu najua hao watatu hawasomi kitu kisichokuwa na matokeo ya mpira. Mwalimu anajua, wewe unajua, basi. Nimemwahidi Nthenya, mkono wangu juu ya ule wake wa kushoto: mtu mwingine simwambii.