Sabiha Mwinyimvua na Chuo Kilichokua Mbele Yake

Ndugu waombolezaji, assalaam aleykum. Mimi ni Abdulnasir, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, ingawa mengine yananikera hata leo.

Dada yetu Sabiha alizaliwa Kaole tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyimvua na Bi Arafa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Mwambao, ambacho wakati huo kilikuwa madarasa mawili na choo cha makuti. Alifuzu 1976, na chuo kikambakiza awe mkufunzi wa Kiswahili.

Mwaka 1980 aliolewa na shemeji yetu Mrisho, wakajaliwa watoto wawili, Hajra na Mikdad.

Mwaka 1990 chuo kilianza kutoa stashahada, dada akaambiwa cheti chake hakitoshi, akarudi darasani. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki, stashahada nayo ikawa haitoshi, akasoma shahada akifundishwa na Kholood, ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha zamani, na akimwamkia kwa adabu zote anazostahili mwalimu hadi Kholood akaona haya. Akaongeza uzamili. Mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili, ghorofa zikaota mpaka kwenye mashamba ya jirani, na miaka miwili baadaye akaambiwa bila uzamivu asishike chaki. Shemeji Mrisho alimsihi apumzike, mimi nikagomba, tukaambulia kikombe cha chai tu, naye akarudi vitabuni. Mwaka 2016, utafiti wake wa uzamivu ukiwa nusu, wakamstaafisha, hata hafla ya kumuaga hawakumfanyia. Aliendelea kwa nguvu zake, akatunukiwa uzamivu mwaka 2019, akiwa hana tena darasa la kuingia.

Kisukari kilimwanza zamani, naye kidonda cha mguu alikificha, kila tukimhimiza hospitali anasema amalize kwanza sura moja. Alilazwa mwanzoni mwa mwezi huu wa Januari 2025. Akiwa kitandani, chuo kikampigia simu, walimu wa fonolojia wamepungua, je, anaweza kuja kwa mkataba? Aliniagiza miwani na vitabu vyake. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Dada, hawa si ndio waliokutoa?"

Akanijibu taratibu, "Wamenitoa wao, Nasir. Wanafunzi hawakunitoa."

Nilimpelekea. Alifariki jana, tarehe 14, alfajiri, miwani ikiwa usoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kaole waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake mliofika, pamoja na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka barabarani, ambao nilikuwa sijui idadi yenu, na sasa nimeelewa kidogo.

Mwenyezi Mungu amsamehe, alitie nuru kaburi lake. Dada, sasa kaa kitako. Pumzika kwa amani.